Wenye mashamba mlio mbali, tuandikiane tuyafyeke

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Barua hii naileta kwako, lakini ninaotaka waisome hawako Pemba. Wako Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Maskati, na wengine hapo Unguja tu, na najua gazeti wanalisoma kwa simu kila asubuhi kutazama nani kafariki na karafuu imefika bei gani. Ni watu wetu. Wana mashamba huku Wilaya ya Wete, wameyaacha, na vichaka vimeota mpaka njia ya kisimani tunaipita kwa kuinama.

Mimi ni mwanamke mfugaji. Nina ng'ombe wa maziwa na mbuzi kidogo, na maziwa nayauza Wete mjini kwa wenye migahawa. Pa kuwafungia ng'ombe sina. Nililonalo ni fungu la mirathi kutoka katika eka tatu alizopewa marehemu baba baada ya Mapinduzi ya 1964, na tulikuwa ndugu wengi. Mabwana mifugo wanatushauri tufugie bandani, tukate majani tukawalishe humo humo, tena tupande majani ya tembo. Ushauri mzuri, siupingi. Lakini mwenye kiwanja cha nyumba na migomba mitatu atapanda wapi hayo majani ya tembo, na akitoka na mundu wake aende kukata kwa nani?

Hebu niwaeleze kinachotokea huku, maana mtu akiondoka shamba lake likiwa jeupe, kichwani mwake linabaki jeupe miaka yote.

Mashamba yetu mengi yana minazi iliyopandwa kwa nafasi. Jua linapenya, na penye jua ukoka unatambaa, kila kifundo kikigusa ardhi kinatoa mzizi. Ng'ombe anafungwa kwa kamba, anakula duara lake, jioni anahamishwa, na jani linarudi nyuma yake. Anayelinda ukoka ni ng'ombe mwenyewe. Akiondoka, mwaka wa kwanza yanapanda majani marefu, magumu, yasiyo na faida kwa mtu wala mnyama. Halafu inakuja mipera. Mpera hauna haja ya kupandwa. Ndege anakula pera, popo anakula, mtoto wa skuli anakula njiani, na mbegu zinaangushwa popote. Ng'ombe ndiyo zaidi, kwani yeye anazitoa pamoja na samadi yake.

Nyuma ya mpera kinafuata kile kichaka chenye vijiua vya rangi ya chungwa na waridi vilivyojikusanya kishada kimoja, shina lina vimiba, na majani yake ukiyasugua mkono unanuka siku nzima. Wataalamu wanakiita lantana. Asili yake ni bara la Amerika, watu walikisambaza duniani kama ua la bustani, na hicho kikatoka bustanini. Ndege wanavipenda vitunda vyake vyeusi, kwa hivyo hakina mpaka. Ng'ombe aliyeshiba hakigusi. Mwenye njaa katika kaskazi, majira ya jua kali, atakitafuna, na hapo ndipo balaa. Nimemuona ndama wa jirani yangu ngozi ya pua ikimchubuka, macho yamekuwa manjano, hataki kusimama juani hata kwa kuburutwa. Hakupona.

Juu ya yote hayo unapanda upupu, unaifunika mipera na lantana pamoja. Maganda yakishakauka na upepo ukivuma, ukipita chini yake ujue usiku huo huna usingizi. Mpaka hapo jua haliingii tena. Inua tawi utazame chini: udongo mtupu na majani makavu, ukoka hata wa dawa hupati. Shamba lililokuwa likilisha ng'ombe wanne halilishi hata mbuzi mmoja, na minazi yenyewe inaangusha nazi ndani ya kichaka ambako hakuna wa kuziokota.

Haya, mtasema shamba letu, hasara yetu. Si yenu peke yenu.

Asubuhi na mapema, umande haujakauka, chuchumaa pembeni mwa njia inayopakana na kichaka cha namna hiyo utazame ncha za majani. Utawaona kupe, wadogo, rangi ya hudhurungi, wamepanda mpaka juu kabisa. Kila mmoja amelishika jani kwa miguu ya nyuma, ile ya mbele ameinyosha hewani. Anangojea kitu chenye damu kipite, na anaweza kungoja miezi mingi bila kula chochote. Ng'ombe wangu akipita anamdandia, halafu anakwenda zake mpaka sikioni. Baadaye tezi ya chini ya sikio inavimba, homa inapanda, mnyama anahema, maziwa yanakatika, na povu likishatoka puani daktari wa mifugo anakuja kutoa pole tu. Ndiyo ndigana kali hiyo. Ng'ombe wetu wa kienyeji wanastahimili kidogo. Hawa wa maziwa waliochanganywa na damu ya kigeni hawastahimili, na ndio hao hao tunaohimizwa tuwafuge. Mimi nawanyunyizia dawa wangu. Dawa nanunua mimi, kupe wanazaliwa kwako.

Nimemsikia mtu barazani akisema kwamba vichaka hivi vitatuletea mbung'o, wale nzi wanaonyonya damu na kuambukiza mifugo maradhi. Hapo alizidisha. Mbung'o walikuwa Unguja, na wenzetu waliwamaliza katika miaka ya 1990: madume waliofanywa tasa, waliozalishwa Tanga, wakawa wanamwagwa kwa ndege juu ya misitu mpaka majike yakakosa wa kuzaa nao, na mbung'o wa mwisho akaonekana mwaka 1996. Kisa kizuri, na kila nikikisimulia watu hawaniamini. Lakini huku kwetu tusitishane kwa kisichokuwepo. Kupe wanatosha.

Na nyoka pia. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wazee walisema, na hapa nyoka ni nyoka hasa. Chatu anajificha mchana kutwa ndani ya pori lenu, jioni anatoka kutafuta riziki, na mbuzi aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia.

Sasa wapo wenye mashamba wenye haya, ambao mtu akiwapigia simu kuwalalamikia wanatuma pesa. "Safisheni shamba lote," wanasema, na pesa yenyewe ni ya kusafisha robo. Vijana waliopewa kazi hiyo watafanya nini? Watanunua kiberiti.

Kaskazi iliyopita tuliyaona hayo kwa macho yetu. Walifyeka ukingo mmoja, upana wa hatua chache, wakakoka moto saa sita za mchana, upepo unavuma kutoka baharini. Kichaka kilichokauka hakiwaki polepole. Kinapasuka, kinalia, na vijani vinavyowaka vinaruka juu ya vichwa vya watu. Dakika chache moto umeshavuka mpaka umeingia kwenye mikarafuu ya jirani. Jani la mkarafuu lina mafuta, kama lilivyo konyo lake, kile kijiti kinachoshika karafuu, linalokamuliwa kiwandani kule Wawi, basi fikirini linavyopokea moto. Tulitoka sote, wanaume na matawi mabichi wakipiga, sisi wanawake na ndoo kutoka kisimani, tunapokezana. Bi mkubwa mmoja asiyeona vizuri alikaa uani kwake akiuliza kila anayepita, "Umefika kwangu? Umefika kwangu?" Haukufika, alhamdulillahi. Lakini mikarafuu iliungua, na iliyoungua haikuwa ya mwenye shamba. Mkarafuu ukiupanda leo utangoja miaka sita mpaka minane kabla ya kuchuma kitu. Mwenye shamba alipopigiwa siku ile simu ilikuwa haipatikani, na siku ya pili yake alisema yeye hakumwambia mtu achome.

Masika ilipoingia, mvua ikalikuta shamba uchi. Upande huu wetu ni wa vilima, na udongo wa juu uliteremka wote bondeni ukaulalia mpunga uliokuwa ndio kwanza umetoka. Na kile kichaka kilichochomwa? Moto haukuwahi kuugusa mzizi. Kila kisiki cha mpera kilitoa machipukizi matano, sita, palipokuwa na shina moja. Lantana vilevile. Kufika msimu wa karafuu pori lilikuwa zito kuliko lilivyokuwa, ila sasa halina majani ya chini hata kidogo.

Mwengine alileta kijiko, ile mashine ya kuchimbia. Sikatai, kijiko kinang'oa, na visiki vyote vilitoka. Lakini kilikwangua na udongo mweusi ukarundikwa pembeni pamoja na mizizi, na katikati pamebaki udongo mwekundu mtupu unaopasuka kwa jua. Wa tatu alitaka kupiga dawa ya kuua majani. Huyo tulimuomba kwa heshima asipige, maana chini ya shamba lake ndipo kilipo kisima tunachokunywa.

Mtaniuliza: kama shida mnaiona nyie, mbona hamfyeki wenyewe, mkafunga ng'ombe wenu?

Kwa sababu shamba lina mwenyewe, na sisi huku tunajua fitina za shamba zinavyoanza. Kwetu mti ni wa aliyeupanda, hata ukiwa umesimama kwenye ardhi ya mtu mwengine. Ndiyo maana tangu zamani mtu akikuazima konde anakwambia lima muhogo, lima viazi, ukitaka lima na kunde, lakini usinipandie mti. Muhogo unavunwa unakwisha. Mnazi utamzika aliyeupanda na aliyempa ruhusa, kisha wajukuu wafikishane kwa kadhi.

Nitasimulia kimoja, kijiji sikitaji. Mzee mmoja aliambiwa na mpwa wake kwa simu, "Mjomba, wewe fyeka tu, funga ng'ombe wako, hakuna neno." Akafyeka. Aliifanya kazi ile kwa jasho, na shamba likarudi jeupe, ukoka ukarudi. Warithi walipokuja kwa Idi, kila mmoja na wake na watoto wake, wakazunguka shamba wakakuta miche ya minazi imesimama mstari unaokaribia kunyooka. Ilikuwa imeota yenyewe kutoka nazi zilizoanguka chini ya minazi mikubwa, na minazi mikubwa ndiyo iliyopandwa kwa mstari. Nani atamuamini? Mpwa aliyetoa ruhusa alinyamaza mbele ya ndugu zake. Mzee akaambiwa anataka kulimega shamba. Akatoa ng'ombe wake siku ile ile, na leo shamba lile ukilitazama huwezi kujua kama liliwahi kufyekwa.

Kwa hivyo jirani anaogopa kuonekana mwizi, mwenye shamba anaogopa kuibiwa, na kichaka hakimuogopi yeyote.

Ninaloliomba ni jepesi. Tuandikiane. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hili la kuazimana shamba bado tunalifanya kwa mdomo, kwa simu, kwa "hakuna neno". Mwenye shamba aandikiane na jirani mmoja anayemjua, karatasi ipitie kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale lilipo shamba, nakala tatu, moja abaki nayo sheha. Isemwe shamba linaanzia mwembe gani na linaishia mfereji gani. Isemwe muda, tuseme miaka mitatu au mitano, kwani wa mwaka mmoja hautoshi: mwaka wa kwanza wote ni wa kufyeka na kung'oa, majani hujayaona bado.

Jirani aruhusiwe kufyeka, kufunga ng'ombe na mbuzi, kukata majani, na kuchukua kuni za alichokifyeka. Kuni za kupikia nasema, si tanuri la makaa, maana ukiruhusu makaa utakuta mtu anafuata miti mikubwa na vichaka ameviacha pale pale. Mwaka wa kwanza alime muhogo sehemu moja, umrudishie jasho lake. Asijenge, asichome moto, asipande mti wa kudumu. Nazi, karafuu, maembe na mafenesi ni ya mwenye shamba. Na mti utakaoota wenyewe, iandikwe kwa maneno hayo hayo, ni wa mwenye shamba. Mstari huo mmoja ungekuwepo, yule mzee asingevunjiwa heshima siku ya Idi.

Najua wengi mtasema shamba lenu halijagawiwa, kila mrithi yuko nchi yake. Msingoje kugawana. Kugawana kuna siku yake na kadhi yuko. Kubalianeni tu kwamba fulani ndiye atakayetia saini kwa niaba yenu, mwandikiane hayo katika lile kundi lenu la simu mnalotumiana salamu za Ijumaa, kisha mumpelekee sheha. Kodi msiulize mwaka wa kwanza. Mtu anayekutolea mpera na upupu ndani ya shamba amekulipa.

Na kazi yenyewe ifanywe kwa namna yake. Huku tuna wazee mafundi wa kufyeka, na mmoja nimewahi kukaa nikimtazama mpaka nikasahau lililonipeleka. Kijana akikata mpera anapiga panga mshazari, mara moja, mara mbili, ukaanguka, na kinachobaki ni kisiki chenye ncha urefu wa kiganja. Ncha ile ndiyo inayoingia kwenye kwato la ng'ombe au unyayo wa mtoto. Mzee anapiga magoti. Anafukua udongo kwanza kwa mkono kuzunguka shina, anakata kwa shoka huku na huku chini kabisa, halafu anausawazisha mkato uwe sawa na ardhi, anaufunika udongo kidogo, anaupapasa kwa kiganja kuhakikisha. Ndipo anahamia wa pili. Vijana wanamcheka kwa upole wake, lakini nimewaona vijana wakirudi kukata pale pale walipokata.

Upupu unawahiwa ungali na maua, kabla maganda hayajakauka. Ukichelewa hutopata kibarua kwa pesa yoyote. Vichaka vyengine vifyekwe katika kaskazi, mwezi wa kwanza na wa pili, vimepukutika na unaona unachokikata. Visiki viachwe vingojee masika. Ardhi ikishalowa, lantana na mipera midogo inatoka na mizizi yake kwa jembe na mtaimbo, lakini kaskazi utavunja mipini bure. Lantana iliyong'olewa isiachwe ovyo mahali penye mifugo, kwani hata ikinyauka sumu yake iko pale pale. Matawi mengine yalazwe mistari ya kukata mteremko, si ya kufuata mteremko. Mvua ikija udongo unakwama hapo, na baada ya misimu miwili matawi yenyewe yameoza yamekuwa mbolea. Hakuna haja ya kiberiti hata chembe.

Mbuzi nao wana kazi yao, ila watu wanawasingizia uwezo wasiokuwa nao. Mbuzi hamalizi kichaka kilichokomaa. Atakula majani anayoyafikia, atasimama kwa miguu miwili avute tawi, basi. Anachokimaliza ni kinachochipua. Visiki vya mipera vikianza kutoa majani mekundu laini, wafungwe mbuzi pale, kila siku mahali, na machipukizi yakirudi warudishwe. Mzizi unaokatwa majani kila unapojaribu kupumua unachoka. Panga peke yake litafyeka shamba lile lile kila mwaka mpaka uzeeni.

Halafu ukoka upandwe, usingojwe uje. Katika masika unakata vipande vya ukoka wa mtu mwengine, anakupa bure, unavifukia kwa mistari, ng'ombe hakanyagi mpaka mizizi ishike. Ardhi ikikaa wazi, mpera utaijaza kabla ya ukoka.

Lakini jamani kufyeka si kumaliza. Wapo wanaosikia neno hilo wakaona ni kuacha uwanja wa mpira. Miti mikubwa ibaki, na kuikata kuna kibali chake kwa watu wa misitu. Mkarafuu ndiyo kabisa usiguswe. Ng'ombe wa maziwa anataka kivuli mchana, bila kivuli maziwa hupati. Miti iliyozunguka chemchemi na kisima iachwe yote na magugu yake. Mikindu iliyo kwenye majimaji iachwe, sisi wanawake ukindu wa mikeka tunautoa huko, na siku hizi tunaufuata mbali. Na kuna popo wa Pemba, hao wakubwa ambao hawako kwengine popote duniani. Wageni wanatoka nchi zao kuja kuwatazama Kidike, nasi tuwaachie miti ya kulala. Wanaeneza na mbegu za mipera, hilo nimeshalisema, lakini bora nipambane na mipera yao kuliko kukaa kisiwani bila wao.

Nimalizie na masheha na Wizara ya Kilimo. Masheha, tunajua mna kazi nyingi na meza moja, lakini migogoro ya mashamba inayoletwa kwenu kila baada ya Idi mingine isingezaliwa kama ingekuwepo karatasi. Wizara itutengenezee fomu ya kuazimana malisho, ya Kiswahili cha kawaida mtu aielewe bila wakili, ikae kwa kila sheha wa Pemba, na bwana mifugo akizunguka vijijini atembee na chache kwenye mkoba wake. Mwenye shamba aliye Maskati atumiwe kwa simu, atie saini, airudishe. Iwe tayari kabla ya kaskazi hii, maana kiberiti hakina fomu. Iwe ukurasa mmoja, na isitozwe pesa.

Wabillahi tawfiq.

Mama Mfugaji,
Wilaya ya Wete, Pemba